Kijumbe Aleta Kazi Zote za Kantengwa

Jumanne saa tatu asubuhi, Kantengwa alipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya kanisa, akainua simu, akatuma kazi yake ya nne ya Mbinu za Kufundisha. Katika kijiji chao, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mtandao ulishika pale tu. Wanafunzi walipanga foleni kwenye kichuguu kama kwenye bomba la maji, na kila mmoja alishuka simu ikishamwambia kwamba imetuma.

Wiki tatu baadaye chuo cha ualimu cha Mbarara kilibandika orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho. Kantengwa hakuwemo. Kazi nne, ilisema orodha, haijapokelewa hata moja. Bila mtihani hakuna diploma, na bila diploma angebaki msaidizi wa darasa, ingawa watoto tisini wa darasa hilo yeye ndiye aliyewafundisha kusoma.

Aliondoka alfajiri, akapitia mji wa Kabingo. Saa tano alikuwa Mbarara, mbele ya meza ya Mwalimu Nasimah.

“Mwalimu, nilituma yote ine. Hata batu baliniona.”

“Nakuamini, mwanangu. Lakini mimi si sistemu.”

Chuo kilikuwa na Kijumbe, programu ya akili mnemba inayozitafuta kazi za wanafunzi mtandaoni na kumletea mwalimu azisahihishe. Nasimah alimwandikia: Leta kazi zote za Kantengwa, popote zilipo. Kijumbe aliuliza kama utafutaji uwe na mpaka. Nasimah alikuwa anawahi swala ya adhuhuri. Alibonyeza Hapana.

Alipotoka kuswali, printa ilikuwa imeanza. Kazi nne zilitoka kwanza, zimelowa umande. Kijumbe aliandika kwamba amezikuta mita tatu juu ya kichuguu, zikisubiri. Nasimah alizianika dirishani, akasahihisha kuanzia iliyokauka. Ya chini kabisa ilipata sabini na nane.

Printa haikusimama. Ilitoa insha ya Kantengwa ya darasa la tano, kutoka shule ya milimani, Kivu Kusini huko Kongo, iliyochomwa moto miaka kumi na moja iliyopita. Ilitoa daftari zima la imla, pini zake na jalada lake, pembe zimeungua na bado zina joto. Swaib, karani wa mitihani, alileta ndoo ya kukingia majivu, akalalamika tu kwamba wino utaisha.

Mwisho lilitoka jaribio la hesabu. Mwalimu Venuste wa shule hiyo alikuwa amelibeba kwenda kulisahihisha nyumbani siku moja kabla ya shambulio, na hakuna aliyemwona tena akiwa hai. Sasa lilikuwa limesahihishwa. Kumi na saba kwa ishirini. Chini aliandika “Vu”, yaani “nimeona”, kama alivyozoea, na wino mwekundu ulikuwa haujakauka.

Kantengwa alipiga kelele ya furaha mpaka walinzi wakacheka. Alimpigia simu jirani yake, Mama Élyse, aliyekuwa juu ya kichuguu.

“Dix-sept! Mama Élyse, nilipata dix-sept, kumi na saba!”

“Na mimi je? Mwambie huyo Kijumbe alete na yangu! Nilikuwaka wa kwanza mu darasa, hapa wananiita mama wa mihogo!”

Habari ilimfikia kila mtu kijijini kabla simu haijakatwa. Watu walikipanda kichuguu wakitaja majina yao, shule zao na miaka yao. Wazee walipanda na fimbo. Mchungaji aliomba asitangulizwe, kisha akatangulizwa. Kijumbe hakumkataa mtu. Kufikia saa kumi baraza ya chuo ilikuwa imejaa madaftari ya watu arobaini, na Nasimah aliagiza chai, kwa sababu kazi ya kupanga ilikuwa kubwa.

Swaib alichukua kazi nne za Kantengwa, akatazama tarehe kwenye kona ya juu, akazipiga muhuri.

“Nyabo, bibie, kazi ni nzuri kabisa. Lakini zimefika leo. Muda ilipita.”

“Nilituma kwa tarehe yake. Kijumbe mwenyewe ameandika fasi zilikuwa, juu ya kichuguu.”

“Kutuma ni yako. Sisi tunahesabu kupokea.”

“Na ile ya hesabu?”

“Hiyo imechelewa miaka kumi na moja. Lakini hiyo si ya hapa, haina shida.”

Nasimah alipanda ghorofani kwa mkuu wa mitihani mara mbili. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu. Mara ya pili alirudi na fomu ya kuomba radhi kwa kuchelewesha kazi. Anayeisaini huruhusiwa kurudia mwaka. Asiyeisaini hufutwa. Kwenye meza ya mkuu, alisema, zilikuwepo nyingine thelathini, zote za wanafunzi wa Nakivale, zote zimesainiwa.

Kantengwa aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anavyowasomea watoto wake. Akairudisha.

“Andika tu, nyabo,” alisema Swaib. “Ni jina na sahihi. Wenzako wote waliandika.”

“Wenzangu walichelewa?”

Swaib aliigeuza fomu imwelekee. Alimsogezea kalamu.

“Utapoteza diploma kwa kiburi?”

“Mimi sikuchelewa,” alisema Kantengwa. “Siombi pardon, leo ao kesho.”