Tuta Dogo Karibu na Shimo

Nilipiga hewa.

Fimbo ilipanda vizuri, ikashuka vizuri, ikapita juu ya mpira bila kuugusa, nami nikazunguka nusu duara na kujikuta nawatazama watu badala ya uwanja. Watu wenyewe walikuwa kama arobaini, na kwa mji mdogo kama Kurrabie huo ni umati. Wanaume waliinamisha macho wakaangalia viatu vyao. Mpira wangu ulikuwa pale pale juu ya kijiti chake, mweupe, umetulia, na kwa sheria za gofu hewa nayo ni pigo. Nilikuwa nimeshahesabiwa moja.

"Hilo lilikuwa la kupasha misuli," alisema Merle Heinrich, nahodha wetu, kwa sauti ya kufika barabarani. "Sasa piga la kweli, mke wa Lindsay."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1967, upepo wa baridi unatoka kusini na kuingia mpaka ndani ya meno, nami nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeolewa Kurrabie kwa miaka minne, nikitokea jiji la Adelaide nilikokuwa nauza glavu dukani. Watu wa Kurrabie ni watu wa ngano na kondoo, na si wabaya hata kidogo, ila wana hesabu zao wenyewe kuhusu ugeni, na miaka minne kwao ni kama juzi. Katika muda wote huo sikumbuki mwanamke mmoja aliyeniita Noreen. Nilikuwa mke wa Lindsay. Hata kwenye ubao wa klabu, majina yalipoandikwa kwa chaki, langu lilikuwa Bi. L. Traeger, na hiyo L si yangu, ni ya mume.

Nililitaka jina langu. Ukiniuliza nilikwenda kutafuta nini kwenye mashindano yale, jibu ni hilo, wala sioni haya kulisema. Wenzangu walikuwa wanaitaka ngao. Kila mwaka wanawake wanne wa Kurrabie walipambana na wanne wa mji wa Yelpawarra, na kwa miaka kumi na tisa ngao hiyo ilikuwa imetundikwa Yelpawarra, maana wao hata wakitoka sare hubaki nayo. Mwaka ule mchezaji wetu wa nne alipigwa teke na kondoo dume akavunjika kifundo cha mguu. Merle alikuja jikoni kwangu Jumatano, akala vipande viwili vya keki, akaniambia nitacheza Jumamosi. Hakuniuliza kama naweza.

Tena alinipanga na Ida Cudmore, bingwa wao. Nilielewa mara moja kwamba mimi ni kuku wa kafara: mbovu wetu amwondoe mkali wao, wengine watatu wapate nafuu. Kwa kuwa mimi mwanafunzi na yeye bingwa, nilipewa pigo moja la bure katika kila shimo, kama mtoto anavyotangulizwa hatua kumi kwenye mbio. Kila shimo lilikuwa ni mechi ndogo, na mwenye kushinda mashimo mengi kati ya kumi na nane ndiye mshindi.

Mashimo mawili ya kwanza niliyatupa. Mikono ilikuwa inatetemeka hivi kwamba mpira ulianguka kijitini kabla sijaugusa, si mara moja, mara tatu. Bibi Cudmore alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na minne, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, na kila alipopiga mpira ulikwenda alikoutuma. Kabla ya shimo la tatu nilijikaza kisabuni mpaka nikafika kwenye tangi la maji, nikazunguka nyuma yake nikalie kidogo pasipo na macho ya watu.

Nikamkuta yeye. Ameinama, mkono mmoja kwenye bati la tangi, anatapika.

Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikuwa ameshaniona. Alijifuta mdomo kwa leso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

"Miaka ishirini na miwili," akasema. "Kila mechi. Kwa kawaida kichefuchefu hunitoka nyumbani kabla ya chai. Leo kimechelewa."

Nilimwambia sikujua kama watu wa aina yake huogopa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana kidogo.

"Nionyeshe mikono, binti."

Nikanyoosha. Ilikuwa inacheza ngoma yake yenyewe.

"Unaipigania itulie, ndiyo maana haitulii," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Woga ni hivyo hivyo. Hauondoki, basi upe kazi. Tukifika kwenye mchanga, shika kipara, vuta polepole, na upumue kwa kadiri unavyovuta. Usifikirie mpira. Fikiria mchanga tu."

Sisi huko hatuna maji ya kumwagilia nyasi laini kuzunguka mashimo. Kila shimo liko katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chakavu ya matrekta ili upepo usiuchukue. Mchanga huo hujaa nyayo, za watu na za kondoo, kwa hiyo kabla hujasukuma mpira wako kuelekea shimoni, lazima njia yake isawazishwe. Kifaa cha kazi hiyo ni chuma kipana chenye mpini mrefu, reki isiyo na meno, nasi twakiita kipara. Na desturi yetu, kwetu na Yelpawarra vilevile, ni kwamba hujikwangulii njia yako mwenyewe. Anakukwangulia mpinzani wako. Wageni wakisikia hushangaa, lakini ndiyo maana ya desturi: njia yako iko mikononi mwa adui, na yake iko mikononi mwako, basi kila mtu hukwangua kama anamtandikia mama yake kitanda. Mpigaji ana haki ya kusema "rudia" kama njia haikumridhisha. Haki ipo, lakini sijawahi kuisikia ikidaiwa, maana kuidai ni kama kumwita mwenzako mwizi mbele za watu.

Nilifanya alivyoniambia. Kwenye shimo la tatu nilivuta kipara kutoka shimoni hadi kwenye mpira wake, nikapumua nacho, na mchanga mweusi ukatulia nyuma ya chuma ukiwa laini, na mikono yangu nayo ikatulia. Sikuamini. Nilipochukua fimbo mikono ilianza tena kutetemeka, ila kidogo, na nilikuwa nimeshajua kwamba kuna mahali inaweza kutulia. Shimo la tano nilishinda. La nane nikashinda. Kuna mpira nilioupiga kwenye shimo la kumi na moja, ukapita juu ya uzio na kondoo wote wakainua vichwa, ambao mpaka leo nikikosa usingizi naukumbuka kwa furaha. Yeye akashinda mengine, mimi mengine, na lile pigo la bure likanibeba. Tulipofika shimo la kumi na nane tulikuwa sawasawa.

Watu wote walikuwa wamesogea pale, mama mkwe wangu akiwa mstari wa mbele. Merle alinivuta kando akaninong'oneza hesabu: mmoja wetu ameshinda, mmoja ameshindwa, yeye mwenyewe ametoka sare. Kila kitu kilikuwa juu yangu. Najua alidhani ananitia moyo, mama yule, lakini ni heri angenimwagia ndoo ya maji.

Nilifika kwenye mchanga kwa mapigo matano. Bibi Cudmore alinikwangulia njia kwa utulivu, akamaliza, akasogea pembeni, na njia ilikuwa imenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Nilisukuma. Mpira ukaingia. Sita, toa lile la bure, matano. Yeye alikuwa amepiga manne, na mpira wake uko hatua tatu kutoka shimoni. Akiingiza, tuko sare, na ngao inarudi Yelpawarra kwa mwaka wa ishirini. Akikosa, ni yetu.

Nikachukua kipara. Nilikitia ukingoni mwa shimo nikaanza kuvuta, na hapo hapo mkono ukashtuka. Mara moja tu. Chuma kiliinuka kidogo kikashuka, nami nikaendelea kuvuta mpaka kwenye mpira, nikasogea pembeni, nikageuka kutazama. Njia ilikuwa safi isipokuwa kiganja kimoja kutoka shimoni, pale mkono uliposhtuka. Palikuwa na tuta la mchanga, si nene kuliko njiti ya kiberiti, limekatiza njia upande hadi upande. Watazamaji hawakuweza kuliona. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilifungua mdomo niseme "ngoja, nirudie." Ni maneno mawili. Yalikuwa pale, nilikuwa nayo kwenye ulimi, na sauti haikutoka. Bibi Cudmore aliinama juu ya mpira wake. Alikaa ameinama muda mrefu, mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake siku nzima, na mimi nimeshika mpini kwa mikono miwili, nasema moyoni sasa, sasa nasema, sasa. Kisha akasukuma. Mpira ulikwenda moja kwa moja, ukafika kwenye tuta, ukaruka kidogo tu, ukapita ukingoni mwa shimo ukasimama upande wa pili.

Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mkavu. Akasema, "Umecheza vizuri, Noreen," na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Wengine wakafuata. Merle alilia waziwazi, mwanamke ambaye hakulia hata alipomzika baba yake, akanikumbatia mbele ya watu akaniita Noreen, na jioni ile akafuta ubao akaandika jina langu lote kwa chaki ya njano. Lindsay alinitazama kama vile ndiyo kwanza tumekutana. Wanawake walinimiminia chai na kunijazia sahani, na kila mmoja alitaka nimsimulie lile shimo la mwisho. Nilisimulia. Sikulitaja tuta. Usiku sikulala, na nilijiambia ni furaha.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa Kurrabie. Nilicheza miaka mingi, nikawa nahodha, nikawafundisha wasichana kuvuta kipara huku wakipumua, na kila mmoja nilimwambia maneno ya nyuma ya tangi bila kusema nimeyatoa wapi. Mara nyingi nilijihukumu na mara nyingi nikajiachia huru. Siku za huruma nilisema ni woga, nao ulinifunga mdomo kama ulivyoniangushia mpira kijitini. Siku nyingine nilisema niliitaka sana ile ngao, na hilo jina, na woga nimeusingizia tu. Sikuwahi kupata uhakika. Bibi Cudmore nilikutana naye kila Agosti, tukasalimiana vizuri, na kila Agosti nikaahirisha.

Mwaka 1978 nilisikia amelazwa Yelpawarra na hatatoka. Niliendesha gari saa moja na nusu. Nilimkuta amekonda, mrefu bado hata kitandani, akanitambua kabla sijafika mlangoni. Nilikaa. Nilimwambia habari za mvua na bei za ngano mpaka zikaisha, kisha nikamwambia kuhusu lile tuta, kila kitu, na sauti safari hii ilitoka, ingawa si nzuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliona," akasema. "Nilikuangalia usoni nikaona na wewe umeona. Nikajua unataka kusema."

Nilimuuliza kwa nini basi hakudai nirudie.

"Mbele ya mama mkwe wako? Mbele ya Merle? Ungehamia Adelaide kesho yake." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Nilikungoja, binti. Niliinama pale nikakuhesabia. Nilifika ishirini."

Nilikuwa nimeshaanza kulia. Nikamwambia, "Ungefika thelathini, ningesema."

"Nilikuwa na miaka hamsini na minne," akasema Ida Cudmore. "Ukiinama hivyo, mgongo haukupi thelathini."

Alicheka yeye kwanza, kisha nami, tukacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha, akanifukuza kwa upole kwa kuwa mgonjwa alikuwa amechoka. Nilimbusu kwenye paji la uso. Alikufa wiki ile ile, siku ya Alhamisi.

Lakini siku ile niliyomtembelea, nikiwa njiani kurudi, nilisimamisha gari kando ya barabara, mashamba ya ngano kushoto na kulia na hakuna mtu. Nilizima injini. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, polepole, kwa haki. Nilipofika ishirini nilikuwa bado na matumaini. Nilifika thelathini, na yale maneno mawili yalikuwa bado kwenye ulimi. Nikakaa pale nikaendelea kuhesabu.