Filimbi Zilizozibwa

Siku hiyo mjinga alikuwa seremala mwenyewe, tusikisingizie kinanda.

Kilikuwa kinanda cha kale cha kuzungusha kwa mkono: sanduku la mti, mpini ubavuni, mvukuto wa ngozi tumboni, na safu ya filimbi za mbao zilizopangwa kwa kimo kama watoto wa baba mmoja. Mali ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe alishakata shauri: kikiimba leo kinabaki nyumbani; kisipoimba, mnunuzi wa vitu vikuukuu anakibeba jioni. Mke wa seremala, aliyelelewa kwa sauti ile, alikuwa amemtetea mumewe kwa mama yake, apewe nafasi ya kukitengeneza, hadi koo likamkauka.

Seremala akazungusha. Mvukuto ukavimba, ukakosa pa kutolea pumzi, ukaguna kama mzee aliyevimbiwa. Akakaza ngozi. Akapaka nta kwenye mhimili. Akazungusha tena, mguno uleule. Jasho likamtiririka hadi kwenye penseli aliyoichomeka sikioni.

"Labda kimekununia," mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Mke wangu, usinichokoze. Hapa nimefanya kazi ya watu saba. Kila filimbi ilikuwa na ufa chini, zote palepale. Nimeziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Hata sisimizi hapenyi."

"Zote zilipasuka palepale?"

"Zote. Aliyezitengeneza alikuwa mzembe kweli."

Nje honi ikalia. Mnunuzi alikuwa amewahi. Mke akatoka mbio kumchelewesha kwa maneno, na mama yake akaingia, akachomoa filimbi moja, akaipapasa chini.

"Mkwe, huu ufa uliouziba ndio mdomo wake. Sauti inatokea hapa."

"Mama, kwa heshima zote, mimi na mbao tumekula chumvi pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo nilivyofunzwa kwa makofi. Ubao wenye ufa ni mbovu. Tatizo litakuwa mvukuto, au ule mpini, au hii hali ya hewa, maana juzi ilinyesha, na mti ukinywa maji..."

Mama mkwe akaokota patasi mezani, akamtia mkononi.

"Una ufa chini ya pua, mkwe, na tangu asubuhi unapitisha upepo tu. Tuuzibe huo, au uzibue hizi?"