Gunia la Watu Wawili

1.
TANGAZO
Kuanzia Jumatatu, gunia la lumbesa, yaani lililojazwa viazi hadi likaota nundu, libebwe na watu WAWILI. Atakayebeba peke yake asiilaumu kampuni.
Uongozi wa Ghala

2.
Ubao wa zamu, palepale chini ya tangazo:
Wabebaji: 8 (walikuwa 14)
Magunia kabla ya saa sita: 400 (yalikuwa 400)

Msomaji, hesabu hiyo hata mimi wa divisheni ziro niliiona.

3.
Mimi Fidelis, mchekeshaji wa ghala. Tangazo nililibatiza siku ileile: sheria ya wajawazito. Watu walicheka mpaka wakakalia viazi.

Gervas, mwenzangu wa kubeba, hakucheka. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu mavuno.

"Fide, shika upande huo."

"Una miezi mingapi, kaka?"

Kwe kwe kwe, ghala zima.

Akaingiza bega. Peke yake. Ubao wa kupandia lori, hatua moja, mbili, ya ta

4.

Ka! Mgongo.

5.
Zilisikika sauti:
— Mgeuzeni!
— Msimguse, jamani!
— Gervas, nisikie. Gervas.
— Hilo lori lisichelewe, pakieni. (Msimamizi.)

Tukapakia.

6.
Tulizo, mke wa Gervas, nje ya wodi:

"Shemeji, namfinya vidole vya miguu, ananiuliza nitaanza lini. Ingia ukamwone. Anasema umletee kichekesho."

Niliingia.

"Haya, sema basi," Gervas akaniambia.

Sikuwa

nacho.

7.
FOMU YA SHAHIDI
Majeruhi alijua utaratibu? Ndiyo.
Alikuwa na mwenzake wa kubeba? Ndiyo.
Kwa nini alibeba peke yake? Weka alama ya vema mahali pamoja tu:
(a) Uzembe
(b) Ukaidi

"Weka hapo kwenye b, kijana," meneja akasema, taratibu, kama ananikaribisha chai. "Kosa likiwa lake, matibabu hayatuhusu. Na wewe kesho unaingia zamu kama kawaida."

Nilitafuta mahali pa kuandika hesabu ya ubao wa zamu. Hapakuwapo. Nilitafuta jina langu. Halikuwapo.

Chini ya (b) palibaki upana wa kidole. Nikabana herufi:

(c) Watu walipunguzwa, magunia hayakupunguzwa. Halafu akaomba msaada, na mimi nika

Nafasi ikaisha.

"Umemaliza?"

"Bado, bosi. Naomba karatasi nyingine."