Injinia Anafungua Kila Kitu

Mdogo wangu tunamwita Injinia kwa sababu utotoni aliipiga kofi redio ya mama ikaimba. Tangu hapo anaamini kila mashine inamtii. Na huyohuyo Injinia ndiye aliyenifanya Alhamisi ile nisimame katikati ya duka napiga kelele, mpaka wateja wakaacha vyeti vyao juu ya mashine ya kopi wakatoka nje.

Harusi yangu ilikuwa Jumamosi.

Duka letu ni la kuchapa na kutoa kopi. Kutwa tunafungua vitu vya watu. Mtu anatuma barua yake kwa barua pepe, anakuja, tunafungua, tunachapa, anakwenda zake. Nilimwambia Injinia mara ngapi sijui: angalia kwanza imetoka kwa nani. Kama humjui na hayupo hapa anasubiri, achana nayo. Akanijibu, "Dada, nikianza kuhoji wateja kama polisi si tutafunga duka?" Programu ya kuzuia virusi akaizima, eti inachelewesha printa. Kompyuta ikiomba kusasishwa, yeye anabonyeza "baadaye". Baadaye, baadaye, kila siku baadaye!

Na ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa sauti ya baba.

Baba ni seremala, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko randa. Alikuwa anatania hata mbao. Koo lilipoanza kumsumbua, daktari hakuzunguka: wanakitoa kisanduku cha sauti, baba atapona lakini hatasema tena. Kama mnataka kumrekodi, mrekodini sasa. Tukamkalisha chumba cha nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya karatasi. Akacheka, akaimba vibaya, akawasuta wajukuu ambao hata hawajazaliwa. Mwishoni akatufukuza wote. Alitaka kurekodi peke yake maneno atakayoniambia siku ya harusi.

"Utayasikia siku hiyohiyo," akaniambia mlangoni. "Na usinichungulie. Nakujua."

Sikuchungulia. Hilo linanikata maini mpaka leo. Niliyanakili tu yote kwenye diski ya pembeni, nikampa Injinia mkononi: ichomoe, ipeleke nyumbani, kaiweke kwenye kabati la baba. Akasema sawa. Ile sawa yake ya kumfanya mtu anyamaze.

Basi Alhamisi ikaingia barua pepe kutoka kwa mtu tusiyemjua. "Hati ya kuchapa, haraka." Dukani hakuna mteja anayeisubiri. Injinia akafungua. Kompyuta ikamuuliza, unaruhusu? Akaruhusu. Nilipofika nilikuta kioo chote kimejaa maandishi mekundu: mafaili yako tumeyafunga, ukiyataka lipa.

"Diski iko wapi?" nikamuuliza.

Akajifanya anapanga karatasi.

"We mtu, diski iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ilikuwa imechomekwa palepale nyuma ya kompyuta, imejaa vumbi, taa inawaka. Nayo imefungwa. Wameipitia kama vile ni chumba cha pili cha nyumba ileile.

"Niliogopa nikiitoa itapotea," akasema.

Jamani! Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Fundi wa kompyuta tuliyemwita akachokonoa, akashusha pumzi. "Aina hii sijaona mtu akiifungua. Na mkiwalipa, hao ni wezi. Wasipowapa, mtamlalamikia nani?"

Nyumbani nilimkuta baba amekaa na kibao chake cha kuandikia mapajani. Nikamweleza, nalia kwa hasira. Nikamwomba aniandikie maneno yale. Akafikiri sana, akaandika: *Siyakumbuki. Nilikuwa nasema tu kama yanavyokuja.* Halafu akafuta kwa mkono, akageuza uso dirishani. Sijawahi kumwona baba akigeuza uso.

Nikamgeukia Injinia, aliyekuwa amejibanza mlangoni. "Lete simu yako. Tafuta chochote chenye sauti yake." Sikutarajia kitu. Baba hakupenda ujumbe wa sauti; alisema kuongea na simu isiyokujibu ni wazimu. Sote alikuwa akitupigia tu.

Injinia akakuna kichwa. "Uko mmoja. Alinitumia asubuhi ile anaingia kupasuliwa."

"Anasemaje?"

"Sijausikiliza."

"Nini?"

"Ulikuwa mrefu, dada. Nilijua ni kugombezwa tu."

Hivi niambieni, ningefanya nini? "Vya watu usiowajua unafungua!" nikapiga kelele. "Takataka yoyote inayotumwa na mwizi yeyote unafungua! Cha baba yako ndicho hukufungua?" Nikampokonya simu, nikabonyeza.

"We Injinia," chumba kikajaa sauti ya baba, nzito, ina mikwaruzo. "Najua hupokei simu yangu makusudi. Sikiliza. Ile diski aliyokupa dada yako, ichomoe. Ichomoe, mwanangu, uiweke kabatini kwangu, chini ya mashati. Mna maneno ya harusi yake mle, na sina mdomo mwingine wa kuyasema. Na uache kufunguafungua vitu vya watu usiowajua, utatuponza. Haya. Wananiita." Akakohoa, ikaisha.

Injinia alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Sikumbembeleza. Baba akavuta kibao chake, akaandika taratibu, akatuonyesha: *Pigeni huo harusini.*

Nilibisha. Akagonga kibao kwa kidole, palepale, mara kwa mara, mpaka nikakubali.

Kwa hiyo Jumamosi, zamu ya baba wa bibi harusi ilipofika, alisimama na suti yake, mkono begani mwangu. Injinia ndiye aliyeisogeza simu kwenye maikrofoni. Ukumbi mzima ukasikia: ichomoe ile diski, mwanangu. Wageni wakacheka sana, wakapiga makofi, wakidhani ni utani wa mzee. Baba naye akacheka, bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Mimi sikucheka. Yale mengine aliyotaka kuniambia yamo mle kwenye diski mpaka leo, na diski iko kabatini kwake, chini ya mashati.