Giaboksi ya Kapteni

Saa nne asubuhi, fundi Tajudin aling'oa kizibo cha mpira karibu na miguu ya dereva, akakuta kijiti cha kupimia mafuta. Akajua mara moja: giaboksi ya zamani, ile ambayo gia ya kwanza haikubali kuingia mpaka gari lisimame kabisa. MG yenyewe, gari jekundu la viti viwili, ilikuwa ya Mhindi aliyefukuzwa nchini mwaka uliopita. Kapteni aliipata bure, kama wanajeshi wanavyopata vyote.

"Haina nguvu," alisema Kapteni. "Na kule mlimani Nsambya, kila nikisimama kutia gia ya kwanza, mmoja anateremka."

Alisema kweli. Injini ikiwaka, watu aliowachukua wasirudi walionekana wamebanana nyuma ya viti. Gari likisimama pale mlimani, pale tu, mmoja alishuka kwa zamu, akaenda kwao, akazikwa. Siku hiyo walikuwa tisa. Wa tatu kwenye zamu alikuwa Mahfudha, mke wa Tajudin, aliyekamatwa sokoni Kikuubo akitafuta sabuni.

"Kuijua aina ya giaboksi, afande, lazima niisikie mlimani," alisema Tajudin. "Mara tatu."

Wakaenda. Kusimama kwa kwanza akashuka mzee Sulaimani, akapangusa kanzu, akashika njia ya Wandegeya. Kwa pili akashuka Bibiane mshonaji.

"Miguu imekufa ganzi, jamani," alilalamika. "Gari gani hili?"

Mahfudha akavua viatu, tayari.

"Imetosha," alisema Kapteni. "Umeshaijua?"

"Bado mara moja, afande."

"Unanichezea, fundi? Hata wewe unaenea hapo nyuma."

Wakarudi.

Giaboksi mpya ilikuwa imeshaletwa, imeng'olewa kwenye gari la mtu mwingine. Gia yake ya kwanza huingia gari likienda. Haikuenea. Tajudin akakata bati la katikati, akachomelea, akaifunga kwa siku tatu, na kazi ikatoka safi, maana kuharibu hakufundishwa. Akapewa kilo ya sukari. Ndivyo nchi hii ilivyo: wakubwa wanataka, na sisi ndio tunaowakazia bolti.

Jioni Kapteni akapanda Nsambya. Tajudin alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, sanda kwapani. Gia ikaingia laini. Gari likapita bila kusimama.

Mahfudha alimpungia mkono, kisha akasogea kidogo kumpisha mwalimu mmoja aliyeingia asubuhi hiyo.