Wa Kumi na Tatu

Hamisa binti Semboja alikuwa ameosha maiti za wanawake wa Old Korogwe na kambi za mkonge kwa miaka kumi na tisa, na hakuna hata moja aliyowahi kuisimulia. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Kuosha kunafundishika kwa asubuhi moja tu: sitiri mwili, anza upande wa kulia, maji ya mwisho tia karafuu maiti. Kazi ni kunyamaza. Ukimkuta marehemu na kovu la fimbo ya mumewe, hukuliona. Ukikuta jeraha, hukuliona. Ukitoka chumbani ukiulizwa, unajibu kwamba ameondoka msafi, basi.

Kilichomshinda kunyamazia ni matiti. Kambi ya Sita ilikuwa safu mbili za nyumba za wakata mkonge, zimebanana na stoo ya dawa ya magugu ya kampuni. Kwa miaka minane Hamisa alikuwa ameosha wanawake kumi na mmoja wa safu hizo ambao titi lilikuwa limeliwa likaisha. Wengine waliziba kidonda kwa vipande vya kanga hadi siku ya kufa, na waume zao wakawaambia majirani ni vidonda vya tumbo. Kumi na mmoja. Aliwahesabu usingizini na alipoamka walikuwa bado kumi na mmoja.

Tena kulikuwa na yale madumu. Kila mwisho wa mwaka kampuni iliwagawia wafanyakazi madumu ya bluu yaliyokwisha dawa, dumu moja kwa kila mtu, iwe shukrani. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Dumu la bluu halipasuki, na mfuniko wake unabana. Walilisuuza kwa mchanga na majani ya mpapai, wakalinusa, wakalitia maji ya kunywa. Bibi harusi wa Kambi ya Sita aliyeolewa bila dumu la bluu alionekana kama mtu ambaye kwao hawakumjali. Hamisa naye alikuwa nalo, kazawadiwa na familia moja baada ya mazishi. Kwa miaka kumi na miwili alikunywa humo, na humo humo alichota maji ya kuoshea wafu.

Basi fikiria alivyojisikia siku kampeni ya saratani ya matiti ilipofika na fulana za waridi. Mbele ziliandikwa Wahi Upime. Mgongoni zilikuwa na nembo ya kampuni, kubwa kama sahani. Hamisa aliichukia fulana ile papo hapo, na hakuficha.

Daktari Edna, aliyeongoza kampeni, hakuwa mtu mbaya. Aliwafundisha wanawake kujipapasa kila mwezi, akawaambia uvimbe ukiwahiwa unatibika, na yote hayo yalikuwa kweli. Hamisa akanyoosha mkono.

"Mmetuambia tuuwahi. Hamjatuambia unatoka wapi."

"Sababu ni nyingi, mama," Edna akajibu. "Umri, kurithi, mengine hatuyajui. Dawa za mashambani bado watu wanazichunguza. Kwa hapa siwezi kusema kitu, kwa sababu hatuna takwimu."

"Maji tunayaweka kwenye madumu yao."

Hapo akasimama Abraham, ofisa ustawi wa kampuni, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa asitapike. "Mama yangu, maneno hayo yanawatia watu hofu bure. Kama una wagonjwa, tuletee majina. Bila majina, hizo ni hadithi za kisimani."

Wanawake wakacheka kidogo. Hamisa akaketi. Alikuwa na majina. Yalikuwa mkononi mwake, kwenye vidole vilivyowapitishia sabuni, na kila jina lilikuwa amana. Akiyasema, Abraham angekosa pa kutokea. Akiyasema, yeye si mwosha maiti tena. Alikaa nayo wiki tatu.

Mkutano wa pili aliyasema yote. Alisimama katikati ya ukumbi wa kijiji akataja mmoja mmoja, na mwaka, na titi la upande gani. Abraham aliandika jina la kwanza na la pili, kisha kalamu ikasimama. Watu hawakuwa wakimtazama Abraham. Walikuwa wakimtazama yeye.

Mzee Mustapha akanyanyuka kwa fimbo yake. Mkewe alikuwa wa tatu kwenye orodha. "Hamisa," akasema taratibu, "nilikufungulia mlango wangu. Nikakuachia mke wangu nikatoka nje, mimi mumewe. Leo umemvua nguo mbele ya wanaume."

Mzee alikuwa amesema kweli, na hilo lilimuuma Hamisa kuliko tusi lolote.

Tangu siku hiyo hakuitwa kuosha. Misiba ilitokea, akapitwa kama nyumba isiyo na watu. Akina mama aliowaoshea mama zao walivuka barabara wakimwona. Kisimani mmoja alimwambia, bila kumtazama, kwamba afadhali mchawi, maana yeye hasemi. Daktari Edna alimfuata nyumbani akamwomba orodha iliyoandikwa, naye Hamisa akaitoa. Lakini Edna alipogonga milango ya Kambi ya Sita kuthibitisha, familia zote kumi na moja zilimjibu vidonda vya tumbo.

Mwezi wa saba, akioga, Hamisa akakuta kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama kokwa ya zambarau. Alijua ni nini kabla hajaondoa kidole. Hema la kampeni la kupimia lilikuwa wazi kila Jumatano, dakika ishirini kwa miguu, na nembo ile ile mlangoni. Hakwenda. Hasira ilimwambia akiingia mle watampiga picha ya kuitangazia kampuni, na Hamisa akaisikiliza hasira yake miezi mitano. Ulikuwa ujinga, na alijua ni ujinga, na bado hakwenda.

Mwezi wa kumi akafa Hafsa, binti wa mzee Mustapha. Kwa nusu mwaka Hafsa alikuwa akivaa sweta katika joto la Korogwe, mkono wa kulia umevimba anaushikilia mbali na ubavu. Kila mtu aliona, na kila mtu alisema malaria. Mzee hakutaka mwosha wa Korogwe. Alituma gari Handeni kumleta Munira, mke wa fundi cherehani wa Chanika huko huko Handeni, ambaye kazi yote alifundishwa na Hamisa.

Hamisa alikwenda msibani hata hivyo, akasimama uani karibu na ukuta. Hakuna aliyempa jamvi. Abraham alikuwepo, kampuni imeleta gunia la sukari. Munira alipotoka chumbani na ndoo tupu, Hamisa akamfuata nyuma ya jiko.

"Shikamoo, mama," Munira akasema.

"Marahaba. Munira, nataka kitu kimoja tu. Sitalisema jina. Alikuwa na jeraha la titi?"

Munira akaiweka ndoo chini. Macho yalikuwa mekundu. "Ameondoka msafi, mama."

"Mimi si wa kuambiwa hivyo."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kusema hivyo. Siku ya kwanza uliniambia, siku utakayotoa cha chumbani, usishike tena maji ya maiti. Nimekuheshimu kwa neno hilo miaka sita. Usiniombe nilivunje kwa sababu wewe umelivunja."

Hamisa alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumkumbatia, maana binti alikuwa amefuzu. Akaondoka bila kufanya lolote.

Desemba ukafanyika mkutano wa kufunga mwaka. Nje madumu ya bluu yalikuwa yamepangwa tayari kugawiwa. Munira alikuwepo, amekuja kwa arobaini ya Hafsa na bado hajarudi Chanika. Mzee Mustapha aliketi mstari wa mbele. Abraham akasoma taarifa yake akitabasamu.

"Tulisikia tuhuma nyingi mwaka huu. Majina kumi na moja, ambayo familia zenyewe zimeyakanusha. Na tangu Januari hadi leo, Kambi ya Sita haijaripoti mgonjwa wala kifo hata kimoja cha saratani ya matiti. Sifuri. Nadhani tunaweza kulifunga suala hili."

Wachache wakapiga makofi. Hamisa akasimama.

"Andika," akasema. "Hamisa Semboja, Old Korogwe. Titi la kushoto. Nililikuta mwezi wa saba."

Makofi yakakatika. Daktari Edna akaja mbio hadi aliposimama Hamisa. "Mama, miezi mitano? Na hema liko pale? Kwa nini hukuja?"

"Niliwachukia. Hilo ni kosa langu, liandike, huenda likaniua. Lakini nimekunywa dumu lile miaka kumi na miwili, na hilo liandike vilevile. Usiandike tu kwamba nilichelewa."

"Kesho asubuhi nakupeleka mwenyewe," Edna akasema kwa sauti ndogo.

"Nitakuja. Yeye kwanza aandike." Akamgeukia Abraham. "Huu mwili ni wangu. Sina amana ya mtu hapa. Mimi ni wa kumi na tatu."

Abraham akakohoa. "Wa kumi na mbili, mama. Umekosea hesabu."

"Sijakosea."

"Basi wa kumi na mbili ni nani?"

Hamisa akafunga mdomo. Munira, kule nyuma, aliinua uso akamtazama. Ukumbi mzima ulimngoja, na Abraham akaanza tena kutabasamu, kwa sababu aliona hatasema.

Fimbo ikagonga sakafu. Mzee Mustapha alisimama kwa shida, bila kumtazama Hamisa.

"Hafsa Mustapha," akasema. "Miaka thelathini na minne. Wa kumi na mbili ni binti yangu. Na mama yake alikuwa wa tatu, nilikanusha, sasa nafuta kauli yangu." Akangoja hadi kalamu ya Abraham ilipogusa karatasi. Ndipo akageuka. "Nimesema mimi, Hamisa, mwenye haki ya kusema. Wewe sijakusamehe."

"Najua, mzee," Hamisa akajibu, akaketi.