Kushoto kwa Kaburi la Mama

Jumanne ile Elisifa alipeleka maziwa kituoni kama kawaida, lita saba, akasubiri mpokeaji atumbukize kile kipimo chake cha kuelea, akaambiwa hayana maji, jambo alilolijua tangu anakamua. Njiani kurudi alikata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Akapika mtori wa ndizi, akala, akaegemea kwenye kiti chake barazani. Mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyeamka saa kumi alfajiri na mwenye magoti mawili yaliyokwisha, halali mchana kwa uvivu. Akaota amekufa.

Haikuwa ndoto ya vitisho. Alikuwa ndani ya jeneza, anaisikia kwaya ya usharika, sauti ya besi ikichelewa kama inavyochelewa kila Jumapili. Wakamshusha taratibu, kushoto kwa kaburi la mama yake. Udongo ulikuwa wa baridi, na magoti hayakumuuma hata kidogo.

Alipoamka alikwenda mgombani kukata majani mengine, akakuta shimo. Lilikuwa pale pale kushoto kwa kaburi la mama, futi sita kwenda chini, kingo zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja vizuri. Jembe na sururu vilikuwa stoo, vikavu. Elisifa alimsogeza mbuzi asije akatumbukia, akaendelea kukata majani.

Jioni Mama Kindness, jirani yake wa ng'ambo ya mfongo, alikuja kuomba chumvi. Akachungulia shimoni.

"Huyu aliyechimba anajua kazi," alisema.

"Niliota nimekufa."

"Aa, basi ni lako." Mama Kindness aliijua tafsiri ya ndoto zote, na hakumnyima mtu. "Usihofu, Mama Loveness. Kuota umekufa ni maisha marefu. Ukiota harusi yako ndiyo uanze kuaga watu."

"Maisha marefu ya kufanya nini?" aliuliza Elisifa, akampa chumvi.

Kwa asiyejua mambo ya huku mlimani: mtu hazikwi kokote. Huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, katikati ya migomba na kahawa. Hata akifia Dar, hata akifia Ulaya, ataletwa. Kuzikwa makaburi ya mjini, yale ya kupewa namba, wazee wanasema ni kutupwa. Na mwanamke huzikwa kwa mumewe. Hapo ndipo ulipokaa mwiba wa Elisifa. Mumewe, Ebenezeri, alimrudisha kwao miaka thelathini na moja iliyopita, na binti mmoja, Loveness, mgongoni, kwa kosa la kutozaa mvulana. Kihamba cha wazazi nacho, kwa desturi, kilikwenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho, Praygod, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Bomang'ombe. Elisifa ndiye aliyemlea huyo Praygod. Alimsomesha kwa maziwa. Akamuuguza baba mpaka akafa, akamuuguza mama miaka sita, akaipalilia kahawa mpaka mgongo ukapinda. Lakini mahali hapakuwa pake. Alikuwa anapaangalia tu.

Praygod alifika Alhamisi na gari lake la mizigo na vibarua wawili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima. Nimeambiwa kuna shimo."

Akaonyeshwa. Alilipima kwa futi yake ya mkononi, maana ndiyo kazi yake, akakiri halina kasoro. Kisha akawaambia vibarua wafukie. Elisifa alisimama kando, mikono imeshikana mbele ya kanga.

"Praygod," alisema, "hapo si pabaya. Ni padogo. Sitakula ardhi ya mtu."

"Dada, jamani. Mwanamke aliyeolewa hazikwi kwao. Ukoo utanielewaje? Wewe una kwako."

"Wapi?"

"Kwa shemeji."

Wiki iliyofuata Elisifa alilala tena barazani, akaota tena, shimo likarudi mahali pale pale. Praygod alileta vibarua. Mara ya tatu vibarua walikuja wakilalamika, maana udongo wa ndoto, walisema, ni mzito kuliko udongo wa kawaida. Mwinjilisti Efraimu naye alifika, akaomba pale ukingoni, akaeleza kwamba ndoto ya kifo ni Bwana anamkumbusha mtu atengeneze mambo ya nyumba yake.

"Nyumba ni ya Praygod," alisema Elisifa.

"Basi na atengeneze Praygod," alisema Mwinjilisti, akakubali chai. Lakini kwa Praygod mwenyewe hakulifikisha, kwa kuwa mabati ya jengo jipya la usharika yalikuwa bado yako dukani kwake.

Elisifa aliona aende kwa mwenye wajibu, ili asije akasemwa hakuuliza. Alishuka Chekereni siku ya Jumamosi, na jua la huko chini si jua la mtu wa migombani. Ebenezeri alikuwa katikati ya majaruba ya mpunga, suruali imekunjwa magotini, amezeeka vibaya. Hakushangaa kumwona.

"Nimesikia unaota," alisema.

"Naota. Nimekuja kukuuliza, nikifa utanizika kwenu?"

Ebenezeri alitazama maji. Hakuwa mtu mkatili tena. Ukatili unataka nguvu. "Kule kwetu nafasi zimeshapimwa, Elisifa. Ya kwangu na ya mke wangu, Agness. Wadogo zangu wameweka mipaka hadi chooni. Ningekuambia njoo, ningekudanganya."

"Haya."

"Umekula?"

"Nimekula," alisema Elisifa, ambaye hakuwa amekula. Akapanda basi akarudi. Njiani alipita Pasua, mjini, kwa binti yake Loveness, anayeuza nguo za mtumba, na Loveness akalia kwa hasira, akasema, "Mama, mimi nitakuzika mjini, nitakujengea kwa marumaru." Elisifa alimshukuru, akamfuta machozi, na moyoni akaona ile namba ya kaburi.

Aliporudi alikuta zege. Praygod alikuwa amemwaga mifuko sita ya saruji kushoto kwa kaburi la mama, ikasawazishwa vizuri, na juu yake pamewekwa ndoo mbili za maua ili lionekane jambo la heshima. Elisifa alikaa juu ya lile zege mpaka jua likaingia nyuma ya migomba. Aliumia. Hili tuliseme kama lilivyo: aliumia kuliko siku aliyorudishwa na mtoto mgongoni, maana ile siku alikuwa na mahali pa kurudi.

Ndoto haikukoma. Ilihama tu. Kwaya ilikuja na jeneza, ikakuta zege, ikazunguka, na alipoamka shimo lilikuwa kwenye kahawa. Jumanne nyingine likawa nyuma ya zizi. Nyingine, karibu na mfongo. Praygod aliacha kufukia. Mashimo yalifika kumi na moja, yote futi sita, na Elisifa akajifunza kupita katikati yake na mzigo kichwani bila kutazama chini. Majirani walijifunza pia. Waliwaambia watoto, "Msikimbie kwa Mama Loveness, kuna makaburi yake."

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, baada ya ibada, Praygod alipokuja peke yake, amevaa suti. Alishika mfuko wa sukari na nyama kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alishika jani la isale, limefungwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaoota kwenye mipaka na makaburini. Mtu akikukosea, hata kama amekuulia ndugu, akija na isale limefungwa fundo, unampokea. Humrudishi. Wapo waliokataa isale zamani, na hadithi zao husimuliwa kwa sauti ya chini, hazina mwisho mwema. Na ukishalipokea, neno lile limekwisha. Huliulizi tena, wala hulilalamikii njiani.

Elisifa aliliona lile jani tangu Praygod anaingia kwenye lango la uwanja, na moyo ukamdunda kama wa msichana. Miaka yote thelathini na moja hakuna mtu aliyewahi kumletea isale. Si Ebenezeri, si baba yake aliyempokea kwa kununa, hakuna. Aliinuka kwenye kiti akasahau magoti.

"Dada," alisema Praygod, na sauti yake ilitetemeka kweli, "wewe ndiye uliyenilea. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mtu mwenye akili zake huuliza kwanza: msamaha wa nini? Ndivyo wazee wanavyofundisha, na Elisifa mwenyewe alimfundisha hivyo Loveness. Lakini alikuwa amechoka, na machozi yalishaanza kumtoka, na mkono wake ulikwenda wenyewe. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimepokea, mdogo wangu," alisema. "Nimekusamehe. Yamekwisha."

Praygod alishusha pumzi ndefu, akaketi. Akatoa leso akajifuta shingo.

"Asante sana, dada. Umenitua mzigo. Basi kesho nitawaambia walete miche."

"Miche gani?"

"Ya parachichi. Ile ya kisasa, inayosafirishwa nje. Bwana kilimo amesema shimo likienda chini namna hii, mizizi haishindwi na kitu. Tutajaza samadi ya ng'ombe wako na udongo, basi. Yako kumi na moja, yamejipanga yenyewe. Nikasema lakini siwezi kupanda kwenye mashimo ya dada yangu bila kumwomba msamaha kwanza. Siyo utu."

Elisifa alitazama jani mkononi mwake. Fundo lilikuwa limefungwa vizuri, kama alivyomfundisha kufunga.

"Na kwa Mama?" aliuliza.

"Kwa Mama pale si pameshasakafiwa, dada?"

Kuku alipita katikati yao. Elisifa angeweza kusema mengi, na mengine alikuwa nayo tayari, yamepangwa kwa miaka. Lakini isale lilikuwa mkononi mwake, na lilipokewa kwa mikono miwili, mchana kweupe. Aliingia ndani akalichomeka juu ya mlango, mahali pake. Akateleka ile nyama.

"Utakula hapa?" aliuliza kutoka jikoni.

"Nitakula, dada. Chakula chako nani akiache?"

Miche ilikuja Jumatatu. Elisifa alibeba samadi, maana vibarua hawakujua zizi linafunguliwaje. Jioni Mama Kindness alisimama akahesabu, akasema imekaa vizuri kama watoto wa shule mstarini. Aliposikia habari ya isale alijipiga paja. "Mama Loveness! Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Mh." Akafikiri. "Basi imekwisha hiyo."

"Imekwisha."

Siku iliyofuata, Jumanne, Elisifa alirudi kituoni, akala, akaegemea kiti chake. Akaota amekufa. Kwaya ilikuja, na waombolezaji wengi kuliko siku zote, wamevaa mabuti ya mvua kwa sababu ndotoni kulikuwa na tope. Alimsikia Praygod akilia kwa sauti kubwa kuliko wote: dada yangu aliyenilea, dada yangu, nitabaki na nani! Na hakuwa anaigiza. Wabebaji walikwenda kushoto kwa kaburi la mama, wakakuta zege. Wakaenda kwenye kahawa, wakakuta mche. Nyuma ya zizi, mche. Kando ya mfongo, mche. Walizunguka kihamba chote wakihema, jeneza likiwayumba mabegani, mpaka wakarudi uwanjani. Mbebaji wa mbele, mzee ambaye Elisifa hakumfahamu, aliinama akagonga kifuniko kwa adabu.

"Mama, samahani. Tukuweke wapi?"

Elisifa alifikiri. Aliwaonea huruma, maana alijua uzito wa mzigo usio na pa kutuliwa.

"Wekeni tu hapo barazani," alisema. "Poleni kwa usumbufu. Kunyweni chai kwanza."

Akatoka jenezani, akajifunga kanga vizuri, akawachemshia chai. Walikunywa, wakashukuru, wakasema watarudi Jumanne ijayo, labda patakuwa pamepatikana.

Alipoamka, baraza lilikuwa limejaa tope la mabuti na vikombe arobaini na viwili vichafu, ambapo yeye alikuwa na vikombe sita. Mama Kindness, aliyepita kurudisha chumvi, alivitazama akasema kuota wageni ni heri. Elisifa aliviosha vyote, akavipanga kwenye kichanja vikauke, maana vitahitajika Jumanne. Kisha akachukua ndoo, akashuka mfongoni kuchota maji ya kumwagilia miche, kwa sababu mvua ilikuwa bado na Praygod alikuwa ameshasema ikikauka atamuuliza yeye.